Lita 14 za povu: kabla hujaiachia kompyuta stoo yako

Kwa wiki nzima nilikuwa na uhakika kijana wangu wa kuchanganya ananiibia sabuni.

Karakana yetu iko Kimara. Tunatengeneza sabuni ya maji, mapipa matatu kwa wiki, kila pipa la lita 200, kisha tunafungasha kwenye chupa za lita 1 na madumu ya lita 5. Zamani kila kitu kilikuwa kwenye daftari, na daftari lina uzuri wake: likikosea, mwandiko unakuambia nani kakosea. Mzigo ulipoongezeka nikanunua programu ya stoo na uzalishaji, nikamlipa fundi akaingiza fomula. Tangu hapo kijana akibonyeza kwenye simu kwamba pipa limekamilika, programu yenyewe inatoa stoo kilo 10 za salfoniki na kilo 10 za slesi, zile kemikali za povu, kisha soda, chumvi, rangi na marashi, halafu inaongeza lita 200 za sabuni. Maji hayamo, hayo nakutana nayo kwenye bili ya DAWASA. Nikajiona nimemaliza kazi.

Wiki ya tatu mteja mwenye hosteli akaagiza madumu 60. Kompyuta ilisema nina lita 340, nikapokea advansi bila wasiwasi. Tukafungasha tangu asubuhi. Dumu la 42 likajaa, la 43 likaishia lita 4.

Lita 126 zimekwenda wapi? Nikaanza kuhesabu madumu matupu, nikawa naangalia mabegi ya watu wakitoka, Mungu anisamehe. Mwishowe nikaamua kukaa karakana mpaka usiku pipa jipya linapokamilika. Nikachovya fimbo ndani, nikaweka alama kwa mkaa pale sabuni ilipofikia. Lita 200, sawasawa na kompyuta. Nikafunga mlango kwa kufuli langu mwenyewe na funguo nikaondoka nazo.

Asubuhi nikachovya fimbo ileile. Sabuni ilikuwa imeshuka sentimita 6, karibu vidole vinne.

“Mama, hilo ni povu,” kijana akaniambia, akinishangaa. “Likilala linashuka. Kila siku linashuka.”

“Sasa mbona hukuniambia?”

“Simu haiulizi lita ngapi. Inataka nibonyeze tu.”

Vidole vinne kwenye pipa lile ni kama lita 14. Mapipa tisa kwa wiki tatu, zidisha mwenyewe. Yule kijana hajui mpaka leo nilichokuwa nikimfikiria. Akisoma hapa ndipo atajua.

Kwa hiyo ukitaka programu ikutolee mali ghafi na kukuongezea bidhaa bila mkono wa mtu, anza na swali moja: kitu kinakuwa bidhaa saa ngapi hasa? Kwetu si pale mwiko unapotoka kwenye pipa, ni kesho yake asubuhi povu likishalala. Nilimwita fundi tena, tukaigawa kazi. Jioni kijana anafungua bechi, mali ghafi zinatoka stoo. Asubuhi anapima kwa fimbo, anaandika lita alizozikuta, na hizo ndizo zinazoingia, ziwe 185 au 188. Kujaza namba moja kila asubuhi kumeniokoa kuliko vibonyezo vyote vya kujiendesha.

Tukatenganisha pia sabuni ya pipa na sabuni iliyofungashwa. Fomula ya kwanza inatoa lita za sabuni. Ya pili inachukua lita 5 kati ya hizo, dumu, kifuniko na lebo, inatoa bidhaa ya kuuza. Mwanzoni fundi alikuwa ameziweka zote katika fomula moja, kwa hiyo kila pipa lilihesabiwa kama madumu 40 hata wiki ambayo wateja wanataka chupa tu. Nikawa na madumu ya kwenye kioo cha kompyuta tu, na chupa hakuna.

Kuna njia nyingine, ya vipande kutoka stoo siku ya kuuza badala ya siku ya kutengeneza. Programu za stoo kama Odoo na ERPNext, ambazo zina matoleo ya bure, zinakupa njia zote mbili, na hii ya pili ni nyepesi kuiweka. Mimi naitumia kwenye ofa yetu tu: chupa ya sabuni, dawa ya choo na brashi, vinavyowekwa kwenye mfuko mmoja pale mezani mteja akiwa amesimama. Hapo inafaa. Ukiitumia kwenye sabuni yenyewe, salfoniki iliyokwisha kumwagwa kwenye pipa Jumatatu itaonekana bado ipo stoo mpaka dumu la mwisho linunuliwe.

Na usidhani mashine ya EFD inakusaidia hapa. Ile inatoa risiti ya mauzo. Stoo yako haiijui, labda umlipe mtu aviunganishe.

Vipimo navyo viangalie mapema. Salfoniki nainunua Kariakoo kwa dumu la kilo 25, nikawa naingiza “1”. Fomula inatoa 10. Basi siku moja nikafungua ripoti nikakuta nina salfoniki hasi 9, na nimesimama pembeni ya dumu linalonuka. Chagua kipimo kile ambacho mchanganyaji anapimia, kilo kwangu, na manunuzi yote yageuzwe kuwa hicho.

Hasi yenyewe ina ubishi. Fundi alitaka programu ikatae kabisa kufungua bechi kama kitu hakitoshi. Tukajaribu. Risiti za manunuzi zikawa zimelala kwenye pochi yangu sijaziingiza, kijana anakataliwa na simu huku mali iko mbele yake, akarudi kuandika kwenye karatasi, na karatasi zikapotea. Nikamwambia fundi aruhusu hasi lakini ionekane nyekundu, na kila jioni kabla sijafunga naangalia wekundu. Wahasibu watanisema. Wao hawajawahi kuambiwa na simu kwamba dumu wanaloliona halipo.

Lebo bado zinanisumbua. Zinabandikwa kwa mkono, nyingine zinakaa upande, nyingine zinalowa. Binti wa lebo alinijia mwezi uliopita, “Mama, lebo zimeisha,” na kompyuta inasema 110. Tumeweka kwenye fomula kwamba kila lebo 100 zinazobandikwa, 3 zinaharibika, lakini masika zinaharibika zaidi, na hiyo 3 niliikisia tu. Kwa sasa tunazihesabu kwa mkono kila Jumamosi na kurekebisha.

Jambo lililonifurahisha ni tahadhari ya kuagiza. Tunatumia kilo 30 za salfoniki kwa wiki. Kiangazi nimeiambia programu inishtue zikibaki 40. Machi mpaka Mei naipandisha iwe 60, maana maji yakijaa Jangwani barabara ikafungwa, mzigo wangu unabaki Kariakoo na mimi nabaki huku Kimara na mapipa matupu. Hiyo hakuna programu itakayokujazia. Niliipandisha mwenyewe Februari, siku nilipomwona fundi wa bati juu ya paa la jirani.