Mapambo ya bafuni? Ngojeni kwanza

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Je, mashine ya kunyolea ya chuma, ile ya wembe mmoja, bado ina kazi, au imebaki kuwa mapambo ya bafuni?" Nilikuwa nimeshalipita, nasoma mambo mengine, yale maneno ya mwisho yakanirudisha. Mapambo! Kitu kinachopita kooni mwangu karibu kila asubuhi, leo kimekuwa pambo.

Basi najibu, ila nitakwenda kando kidogo ya mlichouliza. Nyinyi mmeuliza habari ya mashine. Mimi nataka kusema habari ya mkono unaoishika, na nani aliyeufundisha. Wanaume wengi ninaowajua hawakufundishwa kunyoa na mtu yeyote. Ndevu zilichomoza, mtu akachukua mashine ya plastiki iliyokuwa karibu, akajipaka sabuni ya kuogea, akajifungia bafuni. Alichokibuni siku hiyo kwa woga na haraka ndicho anachokifanya hadi leo ana mvi. Halafu akitoka vipele anailaumu mashine.

Mimi nilibahatika kuwa na mjomba.

Alikuja kukaa kwetu kwa muda wakati mimi ndiyo kwanza naanza kuringa na ndevu. Ndevu zenyewe zilikuwa chache, vipele vya shingoni ndivyo vilikuwa vingi, vingine vimetunga usaha. Nilinyolea mashine ya kutupa, ya nyembe mbili, kama vijana wenzangu wote. Asubuhi moja akanikuta mbele ya kioo. Akasimama mlangoni, taulo begani, akanitazama mpaka nikamaliza.

"Mjomba," akaniita, maana kwetu sisi wawili jina hilo lilikwenda na kurudi, "hapo unanyoa au unakwangua sufuria?"

"Nanyoa, mjomba."

"Hebu lete shingo."

Akapitisha vidole viwili chini ya taya, kutoka sikioni kuja kidevuni, kisha akavirudisha. Akafanya hivyo upande wa pili, halafu chini ya kikoromeo, polepole, macho ameyafumba. "Hapa zinashuka," akasema. "Hapa zimelala kuelekea sikio. Huku chini zinapanda. Wewe umezipitia zote kutoka chini kwenda juu. Ulikuwa unajua zimelalaje?"

Sikujua, na sidhani kama kuna mwenzangu aliyejua. Tulidhani ndevu zote zinaota zikitazama chini.

Akaenda chumbani kwake, akarudi na mashine yake kwenye kifuko cha kitambaa. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, na kwenye mpini ile michoro ya kuzuia kuteleza ilikuwa imelainika upande mmoja, pale kidole gumba kilipozoea kukaa. Akaifungua mbele yangu na kuvipanga vipande vyake vitatu juu ya taulo: kofia iliyobinuka, sahani yenye ukingo, na mpini wenye skrubu. Nikasubiri atoe wembe. Hakuutoa. Akaifunga tena ikiwa tupu, akanikabidhi.

"Nyoa."

"Bila wembe, mjomba?"

"Bila wembe."

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Mjomba wangu hakuwa wa shule hiyo.

Kwanza tulianza na maji. Uso uoshwe kwa maji ya vuguvugu, na nywele zibaki na unyevu dakika mbili tatu, kwa sababu unywele ulioshiba maji ni laini na hukatika bila kuvutana na wembe. (Mwenzako akinyolewa, zako tia maji: ukiuchukua msemo huo kavukavu ulivyo, nusu ya kazi umeshaifundishwa.) Kisha brashi na sabuni. Alinifanya nizungushe brashi mpaka povu likawa zito, halina vitundu. "Hayo makubwa makubwa ni hewa," alisema, "na hewa haiuzuii wembe." Baada ya hapo ndipo akanionyesha namna ya kushika. Ngumi marufuku. Mpini unashikwa kwa ncha za vidole, upande wa chini, ili mashine ijishukie yenyewe. Uzito wake unatosha. Ukiongeza na wako, damu.

Halafu pembe. "Weka kofia shavuni, mpini uelekee mbele, usawa na sakafu. Sasa shusha mkono taratibu. Hapo ambapo wembe ungegusa ngozi, simama. Usishushe zaidi." Baadaye nilisoma kwamba pembe hiyo ni kama nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi. Mjomba hakuwa na habari ya nyuzi. Yeye alikuwa na masikio. Alisema wembe ukikaa sawa utausikia: mchakarisho mdogo mkavu, nywele zinakatika. Usiposikia kitu, unapaka povu tu. Na ukisikia mkwaruzo, acha hapo hapo, unajichuna.

Siku kadhaa zikapita hivyo, mimi nikinyoa povu kwa mashine tupu, ndevu zikirefuka, wadogo zangu wakipita mlangoni kuja kucheka. Mjomba haoni haya wala hana haraka. Kila asubuhi anakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea na kurekebisha kiwiko changu kwa kidole kimoja.

Siku ya wembe ilipofika, aliukunjua kwenye karatasi yake akanifundisha kuushika kwa zile pande mbili fupi zisizokata. Ni kitu chembamba mno, unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Ukiuweka peke yake unanesa. Lakini ukibanwa kati ya kofia na sahani unapinda, na kule kupinda ndiko kunakoukaza. Akanitaka niitazame mashine uso kwa uso kabla ya kuigusisha ngozi: wembe uchungulie sawasawa pande zote mbili. Ukichungulia zaidi upande mmoja, fungua upange upya.

"Leo shavu tu," akasema.

Shingo ilikuja baadaye kabisa, tena kwa masharti. Mara ya kwanza unapita kufuata nywele zilivyolala. Ukitaka, unapaka povu upya na kupita kwa kukatisha. Kinyume, hapana. "Nywele zetu hizi za kujikunja," alisema, "ukizikata kinyume zinazama, halafu zinarudi kwa mlango wa nyuma." Mwisho maji baridi, kisha kipande cha shabu kinapitishwa kwenye ngozi iliyolowa. Shabu hukausha vijikato, lakini yeye aliitumia pia kunihoji: "Imewasha wapi?" Nikionyesha chini ya taya, anatikisa kichwa. Hapo nilibonyeza, na sote wawili tumejua.

Si kila alichosema kilikuwa sahihi. Aliamini, kwa mfano, kwamba wembe huzifanya ndevu ziote nene. Wembe haugusi mzizi. Unywele uliokatwa una ncha butu, ndiyo maana ukichomoza unakwaruza. Lakini kuhusu zile nywele kurudi kwa mlango wa nyuma alisema kweli tupu. Unywele uliojikunja ukikatwa ukiwa umevutwa, ncha yake hurudi chini ya uso wa ngozi, na unapoota tena hujipinda na kutoboa ngozi kutoka ndani au kuingia pembeni. Mwili unauona kama mwiba. Hicho ndicho kipele cha ndevu.

Na hapa ndipo ninapokasirika na hizo za kisasa. Nyembe mbili katika kichwa kimoja zilikuja mwaka 1971, tatu mwaka 1998, tano mwaka 2006. Maelezo ya biashara ni kwamba wembe wa kwanza unauvuta unywele na wa nyuma yake unaukata kabla haujarudi ndani. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka, huo ni utelezi mtamu. Kwa mwenye nywele za kujikunja, umemweleza kwa ufasaha jinsi atakavyopata vipele. Mkono mmoja ukipita mara moja, ngozi imepitiwa mara tano.

Nilikuwa nimepanga kufunga barua hapo, nimeshinda. Lakini kuandika kuna tabia ya kukukumbusha usiyoyataka.

Hiyo tunayoiita mashine ya kizamani, ya wanaume wa kweli, ilizaliwaje? Mmarekani King Camp Gillette alikuwa muuzaji wa vizibo vya chupa. William Painter, aliyebuni vizibo hivyo, alimpa ushauri: buni kitu ambacho mtu atakitumia, akitupe, arudi kununua kingine. Gillette akapata wazo lake mwaka 1895. Mafundi wa chuma wakamwambia bati jembamba hivyo halitashika makali, mpaka mhandisi William Nickerson akapata njia ya kuliimarisha. Mwaka wa kwanza wa mauzo, 1903, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168. Hataza ikatolewa mwaka 1904. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali iliagiza mashine milioni 3.5 na nyembe zaidi ya milioni 30 kwa askari wake, na baada ya hapo nani angerudi kwenye wembe wa kukunja?

Kwa hiyo mashine ya mjomba ndiyo iliyoanzisha mchezo wa kutupa. Wazee wa wembe wa kukunja, waliounoa kwenye mkanda wa ngozi kila asubuhi, bila shaka waliiona kuwa kifaa cha wavivu. Mjomba aliicheka plastiki yangu kwa sauti ile ile ambayo labda babu yake angemcheka nayo yeye. Tunaosifu chuma kwa kuokoa mazingira tupunguze sauti pia. Ni kweli kinachotupwa ni kipande cha chuma tu, si mpini mzima, lakini nyembe hizo zinakwenda wapi? Marekani zamani makabati ya bafuni yalikuwa na mwanya wa kutumbukizia nyembe zilizochakaa, zikaangukia ndani ya ukuta. Anayebomoa nyumba ya aina hiyo leo humwagikiwa na kutu yenye makali. Mimi natumia mkebe niliotoboa juu, na unajaa taratibu lakini unajaa. Wembe hauishi siku nyingi. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walionyesha sababu: unywele, ambao ni laini kuliko chuma mara 50 hivi, huweza kuumegua ukingo wa wembe ukijipinda wakati unakatwa.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Mpwa wangu mimi, mtoto wa dada yangu, alipotokwa vipele nilijawa furaha, Mungu anisamehe. Zamu yangu ilikuwa imefika. Nikampa mashine, nikampitisha njia yote: mashine tupu, povu, shavu kabla ya shingo. Kijana ana mkono mzuri kunishinda. Vipele havikuondoka. Vilipungua, ndiyo, kisha vikagoma. Daktari wa ngozi alipomwona hakuuliza ananyolea mashine gani. Alimwambia aache wembe wa aina yoyote kwa wiki kadhaa, kisha atumie mashine ya umeme ya kupunguza, abakize vindevu vifupi, asitafute ulaini. Shingo ikasafika. Siku hizi ana kivuli cha ndevu na haulizi habari ya nyuzi wala shabu.

Nimemtazama sana yule kijana. Ngozi yake inavutia kuliko yangu.

Sasa mnataka kura. Mashine ya chuma haijawa pambo, hilo sikubali hata mkinishikia wembe wenyewe. Lakini mtu akiniuliza leo kama anunue, nitamwambia asinunue. Kama vipele ndivyo vinavyomsumbua, afanye alivyoambiwa mpwa wangu. Kama ngozi yake huota makovu ya kuvimba, au anameza dawa za kuzuia damu kuganda, amwone daktari kabla ya kucheza na makali. Kama ni msafiri wa ndege, nyembe hazipiti kwenye mkoba wa mkononi. Na kama plastiki ya nyembe tano inamwacha salama, kwa nini nimharibie asubuhi yake?

Namtoa mmoja tu: yule aliye na mtu wa kukaa naye bafuni, mwenye subira na asiyeona haya kumshika kiwiko. Huyo anunue, tena anunue ya kawaida, asidanganywe na mng'aro. Wembe ni wake peke yake, asimwazime mtu. Na shingo aiache mpaka shavu limzoee.