Chakula Kilipashwa, Mbona Askari Wameugua?

SWALI: Ninasimamia jiko la kikosi kilichopiga kambi ya mazoezi nje ya mji wa Tanga. Juzi tulipika wali na maharage yenye nyama, tukaepua saa nne asubuhi, na askari wa doria wakala saa kumi alasiri. Chakula hakikuwa kimechacha, na mchuzi tuliupasha. Kuanzia saa tano usiku wengi walishikwa na msokoto wa tumbo na kuhara, bila homa wala kutapika. Kosa liko wapi?

JIBU: Poleni sana. Kwa dalili hizo, na kwa saa zilizopita kati ya kula na kuugua, ninawashuku bakteria waitwao Clostridium perfringens, ingawa uhakika hutoka maabara. Spora zao, yaani hali yao ya kujikinga ndani ya ganda gumu, hustahimili mchemko, kisha huamka chakula kikipoa. Sufuria ya kulisha kikosi ikishaepuliwa na kufunikwa, katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na katika nyuzi joto 43 hadi 47 bakteria hao huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 10 hivi, pasipo kubadilisha harufu wala ladha. Ndiyo maana pua ya mpishi, hata awe mzoefu namna gani, haitoshi. Kupasha kungewaua iwapo mchuzi wote ungefika nyuzi 70 au zaidi, huku ukikorogwa hadi chini. Mvuke wa pembeni mwa sufuria si ushahidi kwamba katikati pamechemka. Wali nao una bakteria wake, Bacillus cereus, ambao sumu yao ya kutapisha haiharibiwi na kupashwa.

Kwa hiyo anzeni kwa kubadili ratiba. Ikiwa chakula kinaliwa saa kumi, kiive karibu na saa tisa, au maharage yabaki motoni yakitokota hadi gari la kupeleka chakula kwa doria liwe tayari. Vyombo vya kuhifadhi joto visuuzwe kwa maji yanayochemka kabla ya kupakia, kisha pimeni joto kwa kipimajoto wakati wa kuondoka na wakati wa kupokea, mkiandika. Chakula kibaki juu ya nyuzi 60. Kikikaa chini ya hapo zaidi ya saa mbili, kimwagwe. Najua kumwaga chakula cha kikosi kunauma, lakini doria nzima ikilala hoi kunauma zaidi. Kiporo nacho, kambini pasipo jokofu na kwa joto la Tanga, kisiwepo kabisa.

Mkinunua vibua au jodari, ulizeni kama samaki walikaa kwenye barafu tangu walipovuliwa, kwa sababu histamini, yaani kemikali yenye kudhuru inayojijenga ndani ya samaki waliokaa juani, nayo haiondolewi na moto wowote.

Mpishi aliyeharisha akae mbali na jiko hadi zipite saa 48 tangu dalili zikome. Walio wagonjwa sasa wapewe maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na yeyote mwenye damu kwenye choo, homa au kizunguzungu apelekwe kwa daktari leo.