Tini halivumbikwi

Juzi dada mmoja wa Kisauni, hapa kwetu Mombasa, aliniandikia. Ana mtini uani kwake, wa miaka mitatu, na mwaka huu umezaa kwa mara ya kwanza: tini kumi na moja, ameyahesabu. Lakini mwezi mzima sasa yamesimama vilevile, ya kijani, magumu, hayanenepi wala hayalainiki, na kunguru wameshaanza kuyanyemelea. Anauliza kama ayachume ayavumbike kwenye pipa la mchele pamoja na maembe yake.

Nilikuwa jikoni nikiusoma ujumbe ule, nikavuta kigoda nikaketi. Swali hilo nilikuwa nalo mimi Ramadhani ya mwaka 2023, neno kwa neno, na sikuwa na wa kumuuliza. Dada yangu, usiyachume. Funga mikono ikibidi, lakini usiyachume. Sasa nitakueleza kwa nini, na itabidi univumilie kwa sababu jambo lenyewe bado linaniuma.

Mimi tini nililijua kwa jina kabla ya kulijua kwa macho. Sote tuliosoma chuo cha Kurani tulianza hivyo. Sura ya 95, aya nane tu, mwalimu anasoma nasi tunaitikia, tunaapiwa tini na zaituni, na hapana mtoto hata mmoja kati yetu aliyewahi kuuona mti wa tini. Baadaye nikayaona yale makavu ya Uturuki, yanayojaa madukani mji mzima Ramadhani ikikaribia, yamebanwa bapa, ngozi ngumu, vumbi la sukari juu. Nilikula nikasema alhamdulillahi, ndilo hili. Mpaka nikiwa mtu mzima ndipo bibi mmoja wa Mji wa Kale, tuliyekwenda kumpa pole, alipoingia uani kwake akarudi na tini lisilokaushwa, limeiva, akanipa nusu. Nusu tu! Nilirudi kwangu Tudor sijui nimekula nini, ila nilijua kwamba lazima niwe na mti wangu.

Hapo nikafanya kosa la kwanza, la kutafuta njia ya mkato. Badala ya kurudi kwa bibi yule nikaomba kijiti, nilinunua mche kwa muuza miche wa kando ya barabara. Nilimuuliza mara mbili, ni mtini huu? Akaniapia. Majani yalikuwa ya kukwaruza, yana mapengo kidogo ubavuni, nikaridhika. Niliutunza miezi kumi na minne. Fundi seremala aliyekuja kurekebisha mlango ndiye aliyeniambia, akiupapasa jani: "Mama, msasa huu. Zamani tulikuwa tukisugulia mbao kwa majani haya." Ni kweli, msasa ni ndugu wa mtini, kama mkuyu ulivyo ndugu yake, lakini undugu hauleti futari mezani. Sijamsamehe muuzaji yule. Nasema wazi, kwa sababu miezi kumi na minne ya mtu si kitu cha kuchezewa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa mwanzo ni huu: usinunue mche usiomjua mamake. Tafuta mtu ambaye mtini wake umeshazaa na wewe umeshayaonja matunda yake, umwombe kijiti. Unene wa penseli, urefu wa shibiri moja, kimekomaa, si kile cha kijani cha nchani. Nilirudi kwa bibi yule na akanipa vinne. Utomvu mweupe ulipokauka nikavichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, kivulini, nikavimwagilia kidogo kidogo. Viwili vilioza kwa sababu ya maji mengi. Viwili vikashika.

Miezi iliyofuata sina la kusimulia, nilimwagilia maji tu.

La pipa nililoupandia mti nitalisema upesi. Kwetu kisiwani ukichimba hatua moja unagonga jiwe la matumbawe, na maji ya kisima yana chumvi. Mtini hauogopi chokaa, na chumvi unaivumilia kuliko miti mingi ya matunda, lakini mti mchanga ukipewa maji ya kisima kila siku kingo za majani huungua. Nilikata pipa la bluu katikati, nikalitoboa chini, nikaweka kokoto, udongo mwekundu, mchanga na samadi iliyooza. Maji ya mkokoteni nilinunua mtungi mmoja kwa ajili ya mti tu, na mume wangu aliniona nimepotewa na akili. Juu nikatandaza makumbi ili unyevu usipotee. Mizizi ikibanwa kidogo mtini hauna neno, huzaa vizuri tu. Ukiupa nafasi kubwa na samadi nyingi utapata majani ya kufunikia nyumba na tini hata moja hutaliona.

Sasa Ramadhani ile.

Mti ulikuwa na tini tisa. Yalitokea kwenye makwapa ya majani, madogo kama punje za mbaazi, yakakua mbio hata yakafikia ukubwa wa ndimu ndogo. Kisha yakasimama. Kila asubuhi baada ya kula daku na kuswali nilikuwa nikitoka na tochi kuyabonyeza. Jiwe. Kesho yake, jiwe. Wiki ya tatu, ya nne, ya tano. Na mavyaa wangu alikuwa amealikwa kufuturu kwetu, yeye na mawifi zangu wote, na mimi kwa kiherehere changu nilikuwa nimeshatangaza kwamba mwaka huo tutafungua kwa tini la nyumbani.

Siku mbili kabla ya ugeni kunguru alidonoa moja. Nikaingiwa na hofu. Nikayachuma yote manane yaliyobaki, yakitiririka utomvu mweupe mpaka vidole vikaanza kuniwasha, nikayafutia kitambaa, nikayavumbika kwenye mchele kama nionavyo watu wakivumbika maembe na ndizi. Siku ya pili yalikuwa yamenywea na kulegea, na mimi nikadhani kulegea ndiko kuiva. Nikayapasua, nikayapanga kwenye sahani ya tende katikati ya kaimati na viazi vya nazi.

Mavyaa alichukua la kwanza. Alitafuna. Akanyamaza, akalitoa mdomoni taratibu kwa leso, akaniuliza mbele ya wote: "Mwanangu, tini hili ama biringani?" Midomo ilimwasha mpaka Isha. Hakunigombeza, hakuwa na haja ya kunigombeza. Wifi yangu mdogo alicheka, na kicheko kile nimekibeba miaka. Huenda yeye amesahau. Mimi niliosha vyombo usiku ule nikilia, na nilitaka kuung'oa mti wenyewe.

Sikuung'oa. Nilikwenda tena Mji wa Kale, na bibi yule akaniambia jambo ambalo laiti ningelijua mapema: "Tini halivumbikwi."

Nimelisoma sana jambo hili baadaye na naomba ulishike. Embe likikomaa juu ya mti wake, utamu wake umeshawekwa akiba ndani, wanga unaongoja kugeuka sukari. Ndiyo maana ukilivumbika linaiva. Ndizi pia ni hivyo. Tini halina akiba hiyo. Sukari yake huletwa na mti katika siku za mwisho kabisa, kwa hiyo ukilikata kabla ya siku hizo umelikata njaa. Litalegea, litasinyaa, haliwi tamu. Na ule utomvu wa tini bichi ndio uliomwasha mavyaa.

Na kule kusimama kunakotutia wazimu ndiyo desturi yake. Tini hukua mara mbili. Hukua mbio mwanzoni, kisha husimama wiki nyingi utadhani limekufa, na huku ndani maua yanafanya kazi, kwa sababu tini ni maua yaliyojifungia ndani ya kifuko, si tunda kama embe lilivyo tunda. Halafu katika siku chache tu huvimba ghafla, rangi hugeuka, hulainika. Kwangu, tangu kuchomoza mpaka kuliwa, hupita miezi mitatu na zaidi. Hizo wiki za kusimama ndizo zilizonishinda mimi, na naona ndizo zinazokushinda wewe.

Mwaka uliofuata nilibadili mambo mawili. Kwanza, niliupogoa mti mwezi wa Septemba. Mtini huzaa kwenye matawi mapya, kwa hiyo ukipogoa wakati huo, mvua za vuli huyakuta matawi yanachipua, na tini huiva kwenye kaskazi, Januari na Februari, jua kali na hewa kavu kidogo. Tini likikutwa na mvua za mwaka, yaani masika, linapasuka, linachacha lingali juu ya mti, na majani yanaingiwa na kutu. Pili, nilikata vipande vya chandarua kilichochakaa, nikashona vifuko, nikalivisha kila tini lake. Kunguru wa Mombasa hashindwi kwa kelele wala sanamu, na usiku popo wana zamu yao. Chandarua kiliwashinda wote. Sisimizi niliwafungia kitambaa chenye grisi kwenye shina.

Kisha nikangoja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Februari iliyofuata, jioni moja, tini la chini kabisa lilikuwa limeinamisha shingo. Hapo awali tini zote zilikuwa zimejikaza, zimetazama pembeni. Hili lilining'inia kama mtu aliyesinzia barazani. Ngozi ilikuwa ya zambarau iliyofifia, imeanza kupasuka nyufa nyembamba, na kwenye kitundu cha chini lilikuwa limetoa tone moja kama asali. Nilipoligusa lilikuja lenyewe mkononi, bila utomvu hata chembe.

Sikutumia kisu. Nililipasua kwa vidole kuanzia kitunduni, lingali na joto la jua. Ndani lilikuwa jekundu la waridi, limejaa nyuzi na mbegu ndogo, linang'aa. Ladha yake usiitafute kwenye lile kavu. Kavu ni sukari. Hili lilikuwa na asali, ndiyo, lakini chini ya asali mlikuwa na uchachu mdogo kama wa kunazi, na harufu ya jani lake lenyewe, na mbegu zinapasuka menoni kidogo kidogo baada ya utamu kupita. Embe boribo hukupa kila kitu kwa mara moja. Tini hukupa kwa zamu. Nililila nimesimama uani peke yangu, nusu, kisha nikangoja hamu itulie nikala nusu ya pili na kahawa chungu. Kahawa ndiyo mwenzake. Usilitie kwenye friji kabla ya kulionja, baridi hulinyang'anya harufu.

Siku ya tatu nilimwita mavyaa. Sikutangaza kitu. Nilimtilia kahawa nikaweka sahani. Alilitazama tini, akanitazama mimi, akalichukua. Alikula matatu. La nne akalifunga kwenye pindo la leso, akasema anampelekea nduguye Kibokoni. Neno la biringani hakulitaja, na mimi sikumkumbusha, lakini nilitoka nje kidogo nikashika shina la mti ule.

Wifi yangu mdogo hakula. Ameona kwenye simu kwamba ndani ya kila tini mna nyigu aliyekufa. Nilimjibu na nawajibu wengine hapa: ziko aina zinazohitaji nyigu mdogo aingize chavua, kama zile ziitwazo Smyrna, na bila yeye tini zao huanguka zingali changa. Huko California walipanda Smyrna wakaona zinaanguka miaka mingi, mpaka nyigu hao walipofanikiwa kupelekwa mwaka 1899. Lakini mitini mingi ya nyumbani huzaa bila nyigu yeyote. Wangu ni Brown Turkey, kwa alivyoniambia bibi, nao hauna haja naye. Basi ukiwa na mtini ambao kila mwaka hudondosha tini zote zikiwa ndogo, na maji unaupa sawasawa, shuku aina yake, usijilaumu.

Tunaharakisha mno siku hizi. Tunavumbika kila kitu. Mtoto hajakomaa tunamtoa mbele za watu, biashara ina miezi miwili tunataka itulishe, kisha tunalaumu udongo na jicho la jirani. Mimi nimekuwa hivyo maisha yangu yote na ni mti wa kwenye pipa ulionikalisha kitako. Jifunzeni kungoja. Nasema tena, jifunzeni kungoja, na mngoje mkitazama, kwa sababu tini lililoiva halikai. Siku moja, mbili, limekwisha. Ndiyo maana hulikuti kwenye soko la Marikiti wala la Kongowea likiuzwa fungu.

Dada wa Kisauni, hayo kumi na moja yafunike leo, kila moja na kifuko chake. Maji mpe mti kila baada ya siku mbili, kiasi kilekile, usiuache ukauke kisha ukaugharikisha, tini zitapasuka. Samadi acha kabisa mpaka uvune. Usiyabonyeze; tazama shingo. Septemba ukipogoa usitupe vijiti. Na kama ni mche wa kando ya barabara na una shaka nao, njoo Tudor, nitakukatia viwili vyangu, uje na gazeti na maji kidogo ya kulilowesha.