Jibu: Git au Mercurial kwa mradi wa programu huria?

Ndugu, umeuliza mchague Git au Mercurial, programu za kutunza historia ya mabadiliko ya kodi, kwa mradi wenu wa kujitolea. Mimi nasema Git, ingawa Mercurial ni rahisi zaidi kumfundisha mgeni. Zote zilianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa mfumo endeshi wa Linux kuondolewa toleo la bure la BitKeeper, programu ya kazi hiyo hiyo waliyokuwa wakiitumia. Zote zinampa kila mtu nakala kamili yenye historia yote, kwa hiyo bando likiisha unaendelea kuhifadhi kazi yako. Kinachoamua ni watu: watengenezaji wa lugha ya programu ya Python waliiacha Mercurial 2017, Bitbucket, tovuti ya kuhifadhia kodi, wakaacha kuipokea 2020, kivinjari cha Firefox nacho kikahamia Git 2025. Mchangiaji mpya huja akiwa tayari anaijua Git. Ila kubalianeni mapema nani anaunganisha matawi (kazi za watu mbalimbali zinazoendelea sambamba), maana hapo ndipo ugomvi huanzia.