Afande, nikisikia mshindo nafumba macho

Nilishika bunduki kwa mara ya kwanza mwaka 1981, nikiwa binti wa miaka 19 kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Baadaye nikaingia jeshini na kufundisha shabaha kwa zaidi ya miaka 20, mpaka nilipostaafu na cheo cha sajini. Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa vijana wa mujibu wa sheria, wale waliomaliza kidato cha sita, wanaojiandaa kuripoti kambini. Moja ni ya mke wa mfugaji. Hiyo nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Shikamoo Afande. Nimemaliza kidato cha sita na nimepangiwa Mafinga. Kaka yangu aliyenitangulia anasema SMG inavunja bega, na kwamba siku ya kulenga shabaha wengi hufumba macho. Mimi hata fataki za mwaka mpya hunishtua. Nifanye nini? – Binti wa Singida

Marahaba mwanangu. Kwanza beba sweta na glovu. Mafinga mwezi wa sita na wa saba ni baridi kali, na kidole kilichokufa ganzi hakiisikii triga.

Sasa bega. Hiyo tunayoiita SMG ni bunduki ya ukoo wa AK, risasi yake milimita 7.62, uzito wake karibu kilo 4 ikiwa tupu. Teke lake ni la wastani. Anayeumia ni yule anayeiogopa, maana akiiogopa anaiachia nafasi: kitako kinakaa mbali na bega kidogo, upana wa vidole viwili tu, na bunduki inaporudi inakuja kama ngumi. Kuna kibonde kati ya mfupa wa bega na kifua. Kitafute sasa hivi kwa vidole vya mkono wa kushoto, huku umeunyoosha wa kulia mbele. Kitako kinakaa humo, kimebanwa, shavu limelala juu ya mbao. Hapo bunduki haikupigi, inakusukuma na mwili wako wote.

Kuhusu mshindo nisikilize vizuri. Risasi ya SMG inatoka na mwendo wa mita zaidi ya 700 kwa sekunde. Sauti inapofika sikioni mwako, risasi imeshatoka mtutuni na inakwenda zake. Ukishtuka baada ya mshindo hujaharibu chochote. Kinachoharibu ni kushtuka kabla yake, pale mwili unapojua kwamba "sasa inalia", ukakaza bega, ukafumba macho na kuinyakua triga. Mtutu unainama, na risasi inachimba udongo mbele ya ubao wa shabaha. Nimekaa nyuma ya makuruta wengi nikiwatazama kope tu, wala si ubao. Kope zikicheza kabla ya mlio, nilijua risasi ilikokwenda.

Dawa yake ni sarafu. Bunduki ikiwa imekaguliwa na haina kitu, kuruta analala kifudifudi na mwenzake anamlazia sarafu ya shilingi 100 juu ya mtutu, karibu na kilengeo cha mbele. Analenga, anakamua triga mpaka nyundo igonge "ta!". Sarafu ikianguka, anaanza upya. Triga haivutwi, inakamuliwa kama unavyokamua tui: taratibu, kwa nguvu inayoongezeka, bila kujua ni sekunde gani hasa litatoka. Namkumbuka binti mmoja, mwembamba, aliyeangusha sarafu mchana kutwa. Kesho yake alirudi akiwa amejifunga leso kichwani ili jasho lisimwingie machoni, akakamua mara 12 mfululizo na sarafu haikutikisika. Siku ya risasi za moto alishangaa bunduki ilipolia. Ndivyo inavyotakiwa, mlio ukushangaze.

Mkufunzi mzuri atakuchanganyia pia risasi bandia katika magazini, kile kisanduku cha risasi, bila kukuambia zimekaa wapi. Ikigonga bandia na mtutu ukaruka, umejiona mwenyewe. Usione aibu, hata askari wa miaka kumi hurudishwa kwenye zoezi hilo.

Nyumbani, kabla hujaenda, huhitaji bunduki. Lala kifudifudi na mpini wa jembe, lenga msumari ukutani, fanya mazoezi ya pumzi. Vuta, toa, na pale pumzi inapotulia yenyewe kabla ya kuvuta nyingine, ndipo pa kukamua. Usiizuie zaidi ya sekunde nane au kumi, jicho huchoka na kuanza kukudanganya. Na kambini waombe vizibo vya masikio, usitegemee pamba. Sikio langu la kushoto linalia nyenje mpaka leo, kwa sababu kwa anayefyatulia bega la kulia hilo ndilo linalokaa karibu na mdomo wa mtutu, na enzi zetu hatukuvaa kitu.

Afande, nipo kwenye mafunzo ya mgambo. Tulipewa risasi tano. Nne zimekaa pamoja, kiganja kinazifunika, lakini ziko chini kushoto, mbali na katikati. Ya tano sijui ilikokwenda. Mkufunzi kasema nimefanya vizuri, wenzangu wananicheka. Nani mkweli? – Mgambo, Kahama

Mkweli ni mkufunzi wako. Umeandika vizuri mpaka nimetamani kuuona ubao wenyewe.

Katika shabaha tunatafuta kwanza kundi, halafu ndiyo katikati. Risasi zikitawanyika, moja juu, moja pembeni, moja haipo, kosa ni la mtu: pumzi, triga, shavu linalobadilisha mahali kila mara. Zikikaa pamoja mahali pasipotakiwa, mtu amefanya kazi yake na bunduki ndiyo inayohitaji kusawazishwa. Wale wanaokucheka pengine mmoja wao amepata katikati risasi moja na nyingine nne zimekwenda porini. Huyo hana alichojifunza, maana hajui hata hiyo moja ilifikaje.

Kwenye SMG kinachohamishwa ni kijiti cha kilengeo cha mbele, na kanuni yake ni kwamba kijiti hulifuata kosa. Risasi ziko chini, kijiti kinakazwa kwenda chini. Ziko kushoto, kinasogezwa kushoto. Wengi hudhani ni kinyume. Fikiria hivi: kijiti kikifupishwa, ili kionekane tena sawa na mwanya wa nyuma itakubidi uinue mtutu, na mtutu ukiinuka risasi inapanda. Mzunguko mmoja mzima wa kijiti huhamisha risasi sentimita 20 hivi kwa umbali wa mita 100. Ila usikiguse wewe. Hiyo ni kazi ya mkufunzi au fundi silaha, na hufanywa baada ya makundi mawili matatu yanayofanana.

Hiyo ya tano nadhani uliitazama shabaha. Jicho haliwezi kuona vitu vitatu kwa uwazi ule ule: mwanya wa nyuma, kijiti na ubao. Chagua kijiti. Kijiti kionekane kikali mpaka uone mikwaruzo yake, na ubao uwe kama unaouona kwenye ukungu. Ni jambo gumu kulikubali kwa sababu moyo unataka kutazama kule unakopiga. Nimeshuhudia watu wazima wakibishana nalo wiki nzima.

Na kama risasi ni chache, muombe mkufunzi wenu awafundishe pembetatu. Bunduki tupu inalazwa juu ya mifuko ya mchanga bila kuguswa tena. Mita kadhaa mbele, mwenzako ameweka karatasi nyeupe juu ya boksi, ameshika kijiduara cha bati chenye tundu katikati. Wewe unatazama kwenye vilengeo na kumwelekeza: kulia, juu kidogo, hapo! Anatia nukta ya penseli kwenye tundu, anakiondoa, mnaanza upya. Mara tatu. Nukta tatu zikiungana zinafanya pembetatu. Ikienea ndani ya kifuniko cha soda, jicho lako linarudi mahali pamoja kila mara. Ikiwa kubwa kama sahani, hakuna haja ya kupoteza risasi bado. Zoezi hili halina gharama na sijui kwa nini siku hizi linarukwa.

Mbona kwenye filamu wanamimina tu kutoka kiunoni na wanapata, nyie mnafundisha moja moja? – Kijana wa Temeke

Kwa sababu SMG ikimimina inakwenda kwa kasi ya kama risasi 600 kwa dakika, na magazini ina 30. Piga hesabu: sekunde tatu huna kitu mkononi. Tena baada ya risasi ya pili au ya tatu mtutu umeshapanda, zinazobaki unazipeleka hewani, na kila moja itashuka mahali fulani penye watu. Kitu kingine utakachokiona kambini: ile sefti (kizuizi cha usalama) ya pembeni ikishushwa kutoka juu, kituo cha kwanza ni cha kumimina na cha mwisho ni cha moja moja. Anayeisukuma kwa pupa mpaka chini hukuta moja moja.

Mimi natumia mkono wa kulia lakini nikilenga kwa manati nafumba jicho la kulia. Nitakataliwa? – Mvulana, Tunduma

Hukataliwi. Jicho lako lenye nguvu ni la kushoto. Hakikisha hivi: nyoosha mikono yote miwili, acha kitundu kidogo kati ya viganja, tazama mlango wa mbali kupitia kitundu hicho kwa macho yote mawili, kisha fumba moja moja. Jicho ambalo likibaki peke yake bado linauona mlango, ndilo. Mwambie mkufunzi siku ya kwanza, uanze kujifunza kwa bega la kushoto kabla mazoea hayajakomaa. Utalazimika kuzoea kukoki, yaani kuvuta ule mkono wa chuma unaopandisha risasi, maana uko upande wa kulia, na maganda yatatokea upande uso wako ulipo. Vaa miwani ya kinga kama ipo.

Shikamoo mama. Mume wangu anamiliki raifo kihalali kwa ajili ya mifugo yetu, fisi wanasumbua. Jumapili huisafisha sebuleni na watoto wapo. Nikisema anajibu, "Haina kitu." Mimi sijui bunduki, nakosa neno la kumwambia. – Mama wa Manyara

Marahaba mwanangu. Nitakupa neno, ila kwanza nikusimulie.

Kambi sitaitaja. Tulikuwa tumetoka uwanja wa shabaha, makuruta wamekaa chini ya mwembe wanasafisha silaha, mafuta na matambara yamezagaa juu ya turubai. Kijana mmoja, hodari kuliko wote kwenye kwata, akaikagua bunduki yake kabla ya kuifungua. Akakoki. Risasi moja iliyokuwa imesahaulika chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa, ikaruka, ikadondoka kwenye nyasi, akaiona na kuitikia kwa kichwa kama mtu aliyegundua jambo. Kisha akachomoa magazini, akaiweka pembeni. Kisha akabonyeza triga ili kuilegeza nyundo.

Ikalia. Vumbi liliruka hatua moja kutoka kwenye buti la mwenzake aliyekuwa anakunja tambara. Hakuna aliyepiga kelele. Yule mwenzake aliendelea kulikunja lile tambara, mara mbili, mara tatu, mpaka likawa dogo kama sanduku la kiberiti.

Kijana yule hakuwa mzembe. Alikoki, akaona risasi ikitoka, akachomoa magazini, akabonyeza. Vitendo vyote alivyofundishwa alivifanya, ila alivipanga vibaya. Alipokoki magazini ikiwa bado ndani, risasi ya kwanza ilitoka na ya pili ikapanda mahali pake. Alipochomoa magazini, ile ya pili ilibaki chemba peke yake, na yeye alikuwa na uhakika kabisa kwamba haina kitu. Nami nilikosa. Nilihesabu bunduki wakati tunatoka uwanjani, sikuzikagua magazini moja moja. Tangu siku ile kuruta wangu hakukaa chini ya mti kabla sijatia kidole changu cha mwisho ndani ya chemba yake.

Kwa hiyo mwambie mumeo hivi. Mtutu uelekee mahali ambapo hata ikilia haitamfika mtu: nje, kwenye kichuguu au lundo la mchanga, si ukutani maana nyuma ya ukuta kuna chumba. Kidole nje ya triga. Magazini itoke kwanza, na kama raifo yake haina magazini ya kuchomoa, zitoke risasi zote zilizomo. Halafu ndipo afungue chemba, aiache wazi, atazame ndani penye mwanga, kisha atie kidole, kwa sababu jicho lililochoka huona linachotarajia. Baada ya hapo ampe mtu mwingine atazame. Jeshini mkaguzi wa pili halikuwa suala la kumdharau mtu, hata afisa alikaguliwa.

Risasi zote zitoke sebuleni kabla kitambaa cha mafuta hakijaguswa. Zihesabiwe, zifungiwe chumba kingine, na ufunguo wake usiwe ule wa kabati la bunduki. Watoto wacheze kwa jirani mpaka amalize.

Neno lenyewe la kumwambia ni hili: "Baba, nionyeshe chemba." Usibishane naye kama ina kitu au haina. Akifungua, mmeiona wote. Akikasirika, msomee habari ya yule kijana wa chini ya mwembe, na umwambie aliyeiandika alikuwepo.