Hukumu imesema "nyakati zinazofaa", lakini ni lini hasa?

Katika toleo hili tunajibu barua tatu za wasomaji wa Tanzania Bara kuhusu malezi ya watoto ambao wazazi wao wameachana. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, salaam. Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano, na ninaishi Mbagala. Ndoa yetu ilivunjwa na mahakama ya mwanzo mwaka jana, baada ya baraza la usuluhishi kushindwa kutupatanisha. Mahakama iliamuru watoto wakae nami, baba yao atoe matunzo, na awe na haki ya kuwaona "katika nyakati zinazofaa". Yeye anaishi Tegeta. Tangu hapo hatuna amani. Huja Jumamosi asubuhi watoto wakiwa madrasa, au hupiga simu Ijumaa usiku kusema kwamba kesho anawataka, na zaidi ya mara moja amewarudisha Jumapili usiku wakiwa wamelala na kazi za shule hazijaguswa. Tukikutana mlangoni tunagombana mbele yao. Shangazi yao ametushauri tuandikiane mpango wa malezi, lakini mtalaka wangu anasema hukumu imeshatoka na karatasi nyingine haina maana. Je, ni kweli? Na kama mpango unafaa, uandikwe nini ndani yake?
Mama wa Wawili, Mbagala

JIBU: Dada yangu, hukumu na mpango wa malezi havigongani, na mzazi mwenzako anakosea kudhani kwamba kimoja kinakifanya kingine kisiwe na kazi. Hakimu aliamua mambo makubwa, yaani watoto wakae kwa nani na nani atoe matunzo, lakini hakuwa na njia ya kujua madrasa inatoka saa ngapi wala foleni ya kutoka Tegeta hadi Mbagala ikoje Jumapili jioni. Maneno "nyakati zinazofaa" huwatosha wazazi wanaosikilizana. Wasiosikilizana, kila mmoja huyapa maana anayoitaka, na hapo ndipo ugomvi wenu wa kila Ijumaa unapoanzia. Mnachohitaji ni maandishi yatakayowaondolea haja ya kuulizana.

Kabla hamjakaa kitako, ni vema wote wawili mjue sheria inasemaje, kwa kuwa wazazi wengi huingia katika mazungumzo haya wakiwa na hofu au matumaini yasiyo na msingi. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatanguliza maslahi ya mtoto, kisha ndipo yaangaliwe matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto aliyefikia umri wa kuwa na maoni yake mwenyewe, na mila za jamii ya wahusika. Kifungu hicho hicho kinachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema awe na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mwanao ana miaka mitano, na sitashangaa nikisikia kwamba baba yake anahesabu miaka miwili iliyobaki ili amchukue, maana imani hiyo imeenea sana. Haina ukweli. Kutimiza miaka saba hakumhamishi mtoto peke yake. Mahakama, ikiombwa, itatazama pia madhara ya kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumbadilishia makao, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka izingatiwe kwamba ni vema ndugu wakae pamoja.

Sheria hiyo ya 2009, katika kifungu cha 26, inampa mtoto wa wazazi walioachana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wake wa pili kila anapotaka, isipokuwa pale ambapo jambo hilo linaingilia masomo yake. Tazama vizuri kwamba haki hiyo imeandikwa kuwa ya mtoto. Kwa hiyo wewe huwezi kuifunga kwa sababu una hasira, naye hawezi kuidai kwa saa zinazomfaa yeye huku madrasa na kazi za shule zikiharibika.

Sasa tuje kwenye mpango wenyewe. Anzeni na kalenda ya shule, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo hakuna kati yenu anayeweza kuibishia. Kwa wiki za masomo, na kwa umbali ulioko kati yenu, ningependekeza maneno ya namna hii: "Baba atawachukua watoto Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi, saa saba mchana, baada ya madrasa, nyumbani kwa shangazi yao, na atawarudisha hapo hapo Jumapili kabla ya saa kumi jioni, wakiwa wamekula na kazi zao za shule zimekamilika. Asipoweza kuwachukua atatoa taarifa kabla ya Alhamisi jioni, na siku hiyo haitafidiwa isipokuwa kwa makubaliano ya wote wawili." Yanasomeka kama masharti ya mkataba wa pango, nalijua hilo, na wapo watakaosema kwamba watoto hawalelewi kwa karatasi. Lakini ninyi wawili, kwa maelezo yako mwenyewe, hamwezi kusimama mlangoni dakika tano bila kurushiana maneno. Nyumba ya shangazi inawaepusha kuonana, na watoto wanaacha kuihusisha safari ya kwenda kwa baba na kelele.

Likizo za Juni na Desemba zigawanywe nusu kwa nusu, tarehe zikiwekwa mara tu shule inapotangaza ratiba ya mwaka. Kwa kuwa ninyi ni Waislamu, msiandike Idi kwa tarehe, maana inafuata mwandamo wa mwezi. Andikeni kwamba Idi el-Fitr watakula kwako na Idi el-Haj kwa baba yao, na mwaka unaofuata mbadilishane. Siku ya pili ya Idi watoto waende upande wa pili, ili bibi na babu wa pande zote wawaone.

Kuhusu fedha, kiasi cha matunzo kimeshaamriwa na mahakama na mpango wenu usikiguse. Jambo la kuandika ni namna na siku: pesa itumwe kwa simu kabla ya tarehe fulani ya kila mwezi, kwa namba moja isiyobadilika, ili kumbukumbu ibaki bila mtu kulazimika kuweka daftari. Kisha kuna yale yanayozuka nje ya matunzo. Hata watoto walioko shule za serikali, ambako ada iliondolewa kuanzia Januari 2016, wanahitaji sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula, na gharama hizo nyingi hudondoka kwa pamoja mwanzoni mwa mwaka. Kubalianeni mapema nani ananunua nini. Vivyo hivyo kadi ya bima ya afya, kama wanayo, isafiri na watoto, na mtoto akiugua mzazi aliye naye ampeleke hospitali kwanza na kumjulisha mwenzake papo hapo.

Kuna sharti moja ambalo ningeliandika kwa herufi kubwa: ujumbe baina yenu usipitie kwa binti yenu. Mtoto wa miaka tisa anayetumwa kusema "mama anauliza pesa iko wapi" amebebeshwa deni lisilo lake. Asikilizwe anapenda nini, ndiyo, lakini asiulizwe kamwe anampenda nani zaidi wala anataka kukaa na nani.

Kuhusu utaratibu, msiandikiane sebuleni. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii katika halmashauri yenu, mkiwa na nakala ya hukumu, kwa kuwa kazi yake ni pamoja na kuwakutanisha wazazi kama ninyi. Makubaliano yakikamilika yasainiwe na ninyi wawili pamoja na shahidi mmoja wa kila upande, kisha myapeleke katika mahakama iliyotoa hukumu na kuomba yaingizwe kwenye kumbukumbu kama amri. Mkiyaacha kabatini, atakayeyavunja atakuwa amevunja ahadi tu. Mahakama inaweza kubadilisha amri ya malezi au matunzo hali ikibadilika kwa kiasi kikubwa, na inaweza kugusa hata makubaliano ya wazazi wenyewe ikiona maslahi ya mtoto yanadai hivyo; kwa hiyo wekeni kipengele cha kuyapitia upya kila Desemba.

Hujataja kipigo, nami nachukulia kwamba hakikuwepo. Kama kilikuwepo, ushauri huu wa kukaa meza moja uache, anzia kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na makabidhiano yote yafanywe kupitia mtu wa tatu.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Mwanza. Mtalaka wangu alihamia Arusha na mwanetu wa miaka kumi na moja, na tangu mwezi wa nne hanipi nafasi hata ya kuongea naye kwa simu. Nimesitisha matunzo hadi aniruhusu. Kaka zangu wanasema mahari ilitolewa yote, hivyo mtoto ni wa ukoo wetu, na wanataka twende tukamchukue. Nifanyeje?
Baba Anayesubiri, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka zako waambie wabaki nyumbani. Katika mila za makabila mengi ya kufuata upande wa baba, mahari kweli huwapeleka watoto katika ukoo wa mume, na mahakama haizipuuzi mila. Lakini zinakuja chini ya maslahi ya mtoto. Kundi la baba zake wakubwa na wadogo pamoja na mabaunsa likimnyakua mtoto shuleni Arusha litampa mama yake ushahidi bora kuliko wowote ambao angeweza kuutafuta mwenyewe.

La matunzo nitalisema bila kuzunguka. Umekosea, hata kama uchungu wako ninauelewa. Sheria ya Ndoa inamtwika baba wajibu wa kumtunza mtoto, awe mikononi mwake au mikononi mwa mtu mwingine, na haisemi popote kwamba wajibu huo unasimama pale anaponyimwa kumwona. Yeye naye hana ruhusa ya kukufungia mtoto kwa sababu pesa imechelewa. Ni mambo mawili, na kila moja lina mlango wake mahakamani. Lipa malimbikizo kwanza, kwa njia inayoacha kumbukumbu, kisha fungua maombi ya kuonana na mtoto ukiwa huna doa.

Katika maombi hayo pendekeza mpango unaotekelezeka, kwa sababu mtoto hawezi kupanda basi la Arusha hadi Mwanza kila mwisho wa wiki. Omba simu mbili kwa wiki, siku na saa zikitajwa, na mama asisimame pembeni akisikiliza. Omba sehemu kubwa ya likizo ya Juni na nusu ya likizo ya Desemba. Taja nani analipa nauli, na ukubali kumfuata wewe mwenyewe, maana mtoto wa umri huo hakabidhiwi kwa kondakta. Omba pia uwe unapata nakala ya ripoti ya shule moja kwa moja kutoka kwa mwalimu. Mwana wa miaka kumi na moja anaweza kuulizwa na mahakama maoni yake, na nakusihi usianze kumfundisha la kusema; mahakimu wameshawasikia watoto wengi waliofundishwa.

SWALI: Mimi ni mke wa pili wa mwanamume mwenye watoto wawili wa ndoa iliyovunjika. Likizo huja kwetu Morogoro, na mume wangu yuko kazini mchana kutwa. Mama yao amesema hataki niwaguse wala niende kuwachukua. Je, nami niingie katika mpango wao?
Mama Mdogo, Morogoro

JIBU: Mama mdogo, kutia saini si kazi yako, maana makubaliano ni ya wazazi wawili. Lakini kutotajwa kabisa ni kosa, kwa kuwa wewe ndiye unayewapikia na ndiye utakayewapeleka zahanati homa ikipanda saa nane mchana. Mume wako, na si wewe, ndiye wa kuzungumza na mama yao. Aandike kwamba adhabu na maamuzi ya shule na tiba kubwa ni ya wazazi, na kwamba wewe unawaangalia mchana. Mama wengi hulegea wakishaona mpaka huo kwa maandishi. Jina lako na namba yako ya simu viwekwe katika orodha ya watu wanaoruhusiwa kuwapokea watoto, na nakala ya orodha hiyo mama yao aikabidhi kwa mwalimu mkuu kabla shule haijafungwa mwezi wa sita.