Boti ndogo inayolala nje wakati wa baridi: yafukuze maji kabla ya kuifunika

Boti yangu ni ya faiba, ina urefu wa mita 5 kasoro kidogo na injini moja ya kupachika nyuma, na kila mwaka hulala nje, juu ya trela, katika miezi yote ya baridi na theluji. Mwaka wa kwanza niliifunika kwa turubai jipya, nikaikaza kamba pande zote, nikaondoka nikiwa na hakika kwamba kazi imekwisha. Theluji ilipoanza kuyeyuka nilikwenda kuitazama, nikakuta chini ya injini doa jeupe kama maziwa, lenye mng'ao wa mafuta. Nilipopitisha kidole kwenye sanduku la gia nilihisi ufa mwembamba kama unywele, ulioanzia karibu na skrubu ya chini ukapanda kiasi cha upana wa kiganja. Maji yalikuwa yamejipenyeza ndani ya oili ya gia, yakatuama chini kwa sababu ni mazito kuliko oili, kisha yakaganda. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, na aluminiamu haina uwezo wa kuyazuia.

Turubai langu halikuwa na kosa lolote. Lilizuia maji ya juu, ilhali yaliyonitia hasara yalikuwa ndani tangu kiangazi. Tangu hapo kila ninachokifanya kabla ya baridi kinaanza kwa kujiuliza maji yamejificha wapi, na kufunika ndiyo kazi ya mwisho kabisa.

Ninaanza na gia, kwa sababu ndiyo iliyonigharimu. Kwanza ninavua propela. Mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia samaki umejizungusha kwenye ekseli nyuma yake, mwembamba na usioonekana kwa mbali, nao ukikaza huikata sili, yaani pete ya mpira inayozuia maji pale ekseli inapotokea, polepole hadi maji yapate njia. Hivyo ndivyo yalivyoingia kwangu. Niliupata mshipi wenyewe baadaye, umebanwa kama uzi kwenye cherehani. Baada ya kuisafisha ekseli na kuipaka grisi, ninaweka beseni chini, ninafungua skrubu ya chini kwanza kisha ile ya juu ili hewa iingie, na ninaiacha oili itoke yote bila haraka. Oili nzuri hutoka na rangi yake ikiwa angavu au imekoza kidogo tu. Ikitoka maji matupu mwanzoni, au ikiwa na weupe wa maziwa, sili imekwisha, na fundi anapaswa kuibadilisha na kuipima gia kwa shinikizo la hewa. Unga laini wa chuma kwenye ncha ya skrubu yenye sumaku usikutie hofu; vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ndivyo vya kuhofiwa.

Oili mpya huingizwa kwa pampu ndogo kupitia tundu la chini, kwenda juu, mpaka ionekane kwenye tundu la juu bila mapovu. Ukiimimina kutoka juu utafungia hewa ndani. Oili ikifika, funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uichomoe pampu na kuifunga ya chini upesi. Kwa mpangilio huo oili hupungua matone machache tu. Washa za skrubu hizo, yaani pete zake ndogo za kuzuia uvujaji, ninaweka mpya kila mara, kwa kuwa bei yake ni ndogo mno kulinganisha na sanduku la gia. Hata kama fundi hapatikani kabla ya baridi kuingia na oili imetoka nyeupe, imwage na ujaze safi siku hiyohiyo, maana oili safi haigandi ikapasua chuma.

Injini yenyewe huoshwa ndani kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kufunga vikombe vya mpira kwenye matundu ya kuvutia maji na kuunganisha mpira wa bomba. Usiiwashe hata kwa muda mfupi bila maji kufika, kwa sababu impela, yaani gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu, ni ya mpira na hutegemea maji hayo ili isiungue. Wakati huo wa kuosha ndio ninaoutumia kuishughulikia petroli pia: ninatia dawa ya kuihifadhi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha ninaiacha injini iendelee kwa dakika 10 hivi ili petroli yenye dawa ifike hadi kwenye kabureta, kwani dawa iliyobaki ndani ya tangi pekee haiilindi injini. Petroli yenye ethanoli ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ethanoli hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakizidi kiasi inachoweza kubeba, hujitenga pamoja nayo na kuketi chini ya tangi, mahali hasa injini inapovutia. Mwenye tangi lililojengewa ndani ya boti hulijaza karibu lote, akiacha nafasi kidogo ya petroli kutanuka, ili hewa yenye unyevu isipate pa kukaa. Langu ni la kubebeka, na mimi hulimwaga kabisa. Sioni sababu ya kulinda petroli ya miezi sita.

Injini ikiwa bado na joto ninabadilisha oili yake pamoja na filta. Wapo wanaosubiri kufanya hivyo msimu mpya ukianza, kwa hoja kwamba oili mpya isizeeke bure, lakini oili iliyotumika ina asidi na unyevu, na sipendi vilale na beringi za injini kwa majira mazima. Kisha ninafungua plagi, ninapuliza mafuta ya kuzuia kutu ndani ya kila silinda, ninaizungusha injini kwa mkono mara chache ili yasambae, na kuzirudisha plagi. Baadhi ya injini mpya zenye mfumo wa kunyunyiza petroli zina utaratibu wao tofauti, kwa hiyo kitabu cha injini kisomwe kabla ya kupuliza chochote.

Jambo ambalo watu wengi hulipuuza ni namna injini inavyokaa baada ya hapo. Iache imesimama wima, imeteremshwa kabisa, si imeinuliwa kama inavyokuwa barabarani. Ikiwa wima maji ya kupoozea hudondoka yote yenyewe. Ikiinuliwa, mvua na theluji huingia kupitia kitovu cha propela, ambamo injini nyingi hutolea moshi, na humo hujikusanya na kuganda. Kama trela ni fupi na injini inagusa ardhi, inua trela kwa magogo.

Kwa wenye injini ya ndani kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu maji hubaki ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, na kwenye mabomba ya moshi yanayopoozwa kwa maji. Kila kizibo cha kutolea maji kifunguliwe, na kila tundu lichokonolewe kwa waya, maana kutu na mchanga vinaweza kuliziba na ukadhani pamekauka. Dawa ya kuzuia kuganda inayofaa hapo ni ile ya waridi, ya propilini glaikoli. Ile ya magari kwa kawaida ni ya ethilini glaikoli, nayo ni sumu kwa wanyama na viumbe wa majini mara boti itakaporudishwa majini.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na kwa maji hilo ni kweli bila tafsiri yoyote: popote yanapoingilia, yataishia ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti. Boti ilale omo (mbele) ikiwa juu na tezi (nyuma) ikiwa chini, na kizibo cha ngama kiondolewe. Usiridhike kwa kukitoa tu. Mimi humwaga ndoo ya maji kwenye omo na kwenda nyuma kuyasubiri. Mwaka mmoja niliyasubiri mpaka nikachoka, kisha yakaanza kutoka kwa matone. Jani moja lililooza lilikuwa limelala juu ya tundu, bapa kabisa, kama lililobandikwa kwa gundi. Angalia vilevile pampu ya ngama na mpira wake, bomba la tangi la kuhifadhia samaki hai, na kile kijibomba chembamba cha kipimamwendo kinachoshika maji bila mtu kukikumbuka. Uchafu wa kijani kwenye mstari wa maji osha siku ileile unapoitoa boti, kwani ukikauka utausugua hadi mikono iume.

Sasa turubai. Likitandazwa bapa, theluji hulibonyeza katikati, ikiyeyuka inakuwa bwawa, bwawa likiganda uzito wake unararua vishikio vya kamba. Mimi huweka boriti kutoka omo hadi tezi, juu ya nguzo tatu fupi zilizotulia vizuri, na kulikunja turubai juu yake kwa mteremko mkali kama paa, kiasi kwamba theluji inateleza yenyewe. Kila kona kali ninaifunga kitambaa cha zamani. Turubai lisiguse ubavu wa boti moja kwa moja, kwa maana upepo ukilichezesha siku nyingi huikwangua faiba na kuondoa mng'ao wake. Ncha zote mbili ninaziacha wazi kidogo ili hewa ipite. Boti iliyofungwa kabisa hutoa jasho ndani na kuota ukungu. Kamba pitisha chini ya boti hadi upande wa pili. Kwa boti inayosimama juu ya vigingi vya chuma, usifunge kamba kwenye vigingi hivyo kamwe, kwa sababu upepo ukilishika turubai unaweza kuving'oa na boti ikaanguka.

Mito ya viti, jaketi za kuokolea na kamba zote huja nami nyumbani, kwa sababu ya unyevu na kwa sababu panya huviona kuwa nyumba tayari. Betri pia huja. Betri ya risasi na asidi iliyojaa chaji haigandi hata nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, lakini iliyoisha inaweza kuganda na kupasuka nyuzi 10 tu chini ya sifuri. Ninatoa waya wa hasi kwanza, ninaichaji hadi isomeke volti 12.6 au zaidi ikiwa imetulia, na kila mwezi ninaipima tena. Kwenye trela ninatia grisi kwenye beringi, ninainua uzito kutoka kwenye matairi kwa magogo, na kulegeza breki ya mkono ili isigandie.

Baada ya kila theluji nzito ninapita kutazama, ninatikisa turubai kwa ndani kwa mpini wa ufagio uliozungushiwa kitambaa, na kuinama nyuma kuona kama tundu la ngama limezibwa na barafu. Kizibo chake kinaning'inia nyumbani, kimefungwa kwa uzi mwekundu kwenye ufunguo wa injini, ili nisiweze kuiwasha boti kabla ya kukishika mkononi.